Agnès Hakuwa na Mume

Kadutu, Bukavu
Tarehe 8 Machi 1975

Mpendwa Tante Masœur Agnès,

Nakusalimu kwa heshima na kwa moyo wangu wote, na kabla ya neno lingine lolote nakuuliza afya. Mgongo unaendeleaje? Papa Constantin, dereva wa lori la misioni, ameniambia kwamba tangu Noeli unatembea umeinama kidogo, lakini bado hutaki mtu mwingine ashike funguo za maternité, wodi yako ya uzazi. Jihurumie, Tante. Na mvua ya Kamituga je? Na wamama wako wanaojifungua wodini, na mipapai uliyoipanda nyuma ya kapela, imeanza kuzaa?

Huku kwetu mvua haituachi. Inaanza saa nane za mchana kama mtu aliyeandikwa kazi, na njia za Kadutu zimekuwa sabuni tupu. Lakini sisi wazima, namshukuru Mungu. Papa Cirhuza, baba yangu na kaka yako, alishuka kutoka Walungu mwezi uliopita na kifurushi cha maharage, ni mzima, anakohoa kidogo tu. Mume wangu ni mzima pia.

Ona, nimeandika "mume wangu," na kalamu imesimama yenyewe ili nilisome neno hilo tena. Miezi sita sasa tangu tuoane, na bado linanishangaza kama nguo mpya. Tante, nivumilie. Barthélemy anafundisha darasa la tano. Shuleni anaitwa citoyen Mushagalusa, yaani raia Mushagalusa, kama kadi yake isiyo na jina la ubatizo inavyosema, lakini akivuka kizingiti chetu anakuwa Barthélemy, nami nalitaja jina hilo hata bila sababu, nikimuuliza chumvi iko wapi wakati naiona. Kila asubuhi anateremka bombani kunichotea maji, ndoo begani, mbele ya watu wote. Majirani wanamcheka: "Mwalimu, ulimuoa ama alikupa kazi?" Naye anawajibu bila kusimama: "Alinipa kazi, na mushahara iko muzuri sana!" Mimi ndani ya nyumba najificha uso kwa kitenge.

Najua unasoma haya umekunja midomo. Ndiyo sababu naandika.

Barua yako ya mwisho ilinifikia mwezi wa tano mwaka jana, baada ya mimi kukupasha habari za uchumba. Ilikuwa na sentensi moja: "Agnès hakuwa na mume." Hapakuwa na salamu wala sahihi. Halafu mwezi wa tisa, siku tatu kabla ya arusi, Papa Constantin akaniletea bahasha yako. Niliifungua palepale mlangoni. Ndani mlikuwa na picha ya Mtakatifu Agnès, bikira somo wetu, amekumbatia mwana-kondoo, ile iliyokaa miaka yote katika kitabu chako cha sala. Nikaigeuza haraka kusoma ulichoniandikia nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

Siku ya arusi kiti chako kilibaki wazi. Watu walisema barabara ya Mwenga, ya kutoka kwako, imekatika. Nami nilisema hivyohivyo. Lakini shangazi ndiye anayemshika bibi arusi mkono, na mimi mkono wangu ulishikwa na jirani. Tangu siku ile nina furaha ambayo haijakaa sawasawa, kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Nakuomba neno lako, Tante. Sikuombi useme nilifanya vizuri. Nakuomba neno la baraka tu.

Kwanza nikuungamie jambo ambalo sikuwahi kukuambia, kwa sababu watu wamekusimulia vibaya. Si kweli kwamba nilitoroka utawa. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikuahidi nitakufuata utawani, na nilikuahidi kwa kweli. Hata Januari ya mwaka jana nilikuwa bado naamini hivyo. Basi siku ya sikukuu ya somo wetu, sisi wasichana wa sekondari pale lycée tulicheza mateso ya Agnès mbele ya wazazi, na mimi, kwa sababu ya jina, nikapewa nafasi yake. Waroma walikuwa vijana wa shule ya ualimu. Yule wa upanga alikuwa kijana mrefu, mashuka mawili yamefungwa mabegani, kofia ya bati la maziwa kichwani. Nikapiga magoti, nikakunja shingo. Nikangoja. Upanga haukushuka. Masœur Delphine, aliyetuongoza, akanong'ona nyuma ya pazia kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Kata! Kata basi!" Kijana akajibu, naye kwa sauti: "Masœur, mukono inakataa."

Ukumbi mzima ukalipuka. Mtu akapiga kelele: "Muroma gani huyu?" Mwingine akamjibu: "Huyu Muroma alishakwisha kubatizwa!" Nikainua macho, nikamwona ametokwa jasho, upanga wa mbao umemning'inia mkononi. Hakuwa akicheka. Tante, ndivyo nilivyompata. Nilikuwa nimejiandaa kufa kidogo mbele ya watu, na mtu mmoja hakuweza kuvumilia kuona hata mchezo wa kifo hicho.

Nililia wiki nzima kabla ya kukuandikia. Sikulia kwa majuto. Nililia kwa sababu nilijua nitakuumiza.

Sasa niseme la juzi, ndilo lililonipa nguvu ya kushika kalamu.

Mama mkwe wangu, Maman Apolline, anakaa nasi. Ni mjane wa katekista, na hazina yake ni kitabu cha Misa cha marehemu, kimeshonwa upya kwa uzi mweusi. Yeye ndiye aliyejua kabla yangu. Nilikimbia nje mara mbili kwa sababu ya harufu ya samaki wa ndagala, akanitazama, akatua kisu, akasema tu: "Bon. Asante, Yezu." Ndiyo, Tante. Mtoto atazaliwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, Mungu akipenda. Kwa hiyo juzi Alhamisi akaniamsha alfajiri twende Misa, kwani tarehe sita Machi ni siku ya mashahidi Perpétue na Félicité, na mwanamke mwenye mimba hawezi kuwakosa hao.

Tukapanda, yeye mbele na mwavuli, mimi nyuma na viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa. Hapakuwa hata na mtu wa kengele. Tukakaa kwenye ngazi chini ya ukingo wa paa tukingoja, na manyunyu yakianguka mbele ya magoti yetu. Maman Apolline hakubali wakati upotee bure. Akafungua kitabu, lakini hakukisoma. Alikifunga kidole kikiwa ndani na kunisimulia kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Perpétue alikuwa mwanamke kijana, ana miaka ishirini na miwili, mwaka mmoja tu kunishinda, na mtoto bado kifuani. Baba yake akamjia gerezani analia: ikane imani tu, mwanangu, sema neno moja na utarudi nyumbani. Perpétue akamwonyesha mtungi uliokuwa pale chini. "Akamuambia, Papa, ile kitu unaona, unaweza kuiita jina ingine? Ni mutungi. Basi na mie niko mukristu." Maman Apolline akatikisa kichwa. Nami nikafikiria kadi zetu, lakini barua hupita mikono mingi, siandiki zaidi. Tena jina la Nsimire lililo kwenye kadi yangu nalipenda, ni la bibi aliyenikuza. Lakini mtungi ni mtungi.

Félicité alikuwa mtumwa, na mimba ya miezi minane. Sheria yao haikuruhusu kumuua mwenye mimba. Aliogopa kwamba wenzake wa gerezani wataenda kufa mbele na yeye abaki nyuma peke yake. Wakasali pamoja, na uchungu ukamshika mapema, mlemle gerezani. Akapiga kelele kama wanawake wote. Mlinzi akamcheka: ukilia hivi leo, mbele ya wanyama wakali utafanya nini? Akajibu kwamba leo anateseka peke yake, lakini siku ile atakuwako Mwingine ndani yake. Akazaa mtoto msichana.

"Na mutoto?" nikauliza. Mkono wangu ulikuwa tumboni, sikujua uliwekwa lini.

"Dada mumoja wa Kanisa alimukamata, akamulea na kumukomalisha kama wake."

"Aliitwa nani?"

Maman Apolline akafungua kitabu sasa, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. "Hawakuandika," akasema.

Ndipo Abbé Grégoire, padri wetu, akatokea na funguo, baiskeli yake imejaa matope, ametoka kumpelekea mgonjwa komunyo. Akatuona akacheka. "Maman Apolline, kitabu yako ni ya zamani. Siku yao walishaisogeza. Ni kesho, tarehe saba."

"Walisogeza?" Mama mkwe akasimama wima. "Sasa hata watakatifu wanahamishwa kama waalimu?"

"Ni Roma, Maman."

"Roma ile ile yenye iliwauaka," akasema, akafungua mwavuli, tukateremka. Njiani alinung'unika hadi bombani, kisha akaona afadhali: mwaka huu watakatifu wake watapata siku mbili.

Jana basi tukapanda tena, safari hii na Barthélemy, kabla hajaenda shuleni. Lazima nikueleze desturi moja ambayo hukuikuta hapa, kwa sababu imeanza baada ya wewe kuja mara ya mwisho. Hakuna aliyeiamuru. Tangu majina ya ubatizo yatoke kwenye kadi zetu, Abbé Grégoire akisoma ile sala ndefu ya altareni yenye orodha ya mitume na mashahidi, kila mtu anaposikia somo wake anaweka mkono kifuani. Ni hivyo tu, bila sauti. Kanisa lote linakaa kimya, na mikono inapanda mmoja mmoja, kama watu wanaoitwa kutoka mbali na kuitika. Kwenye jina la Barthélemy nikaona mkono wa mume wangu ukipanda, mkono uleule uliokataa upanga, na machozi yakanijia, si ya huzuni.

Halafu zamu ya wanawake. Tante, orodha hii naisikia tangu utoto, na siku zote nilikuwa nangoja "Agnès" tu, kama mtoto anayengoja sahani yake. Sikuwahi kusikiliza wanaotangulia. Jana nilisikiliza. Félicité, Perpétue, Agathe, Lucie, Agnès. Wale wamama wawili wanasomwa kwanza, mmoja maziwa yakimtiririka, mmoja ametoka kuzaa, halafu mabikira wanafuata, na somo wetu yumo katikati yao. Sisemi mama ni mkubwa kuliko bikira, mimi sina mizani ya kupima watakatifu. Nasema Abbé aliwasoma kwa pumzi moja. Hakumeza mate kati ya Perpétue na Agathe.

Niliweka mkono kifuani kwa Agnès, kwa ajili yako na yangu. Nikasikiliza mpaka mwisho, Cécile, Anastasie, nikimngoja yule dada aliyelea mtoto. Nilijua hayumo, lakini nilingoja. Abbé akasema, "na watakatifu wako wote." Hapo hakuna mkono unaopanda, kwa kuwa hapo hapana jina. Nikauweka wangu tena. Barthélemy akanitazama. Maman Apolline naye akanitazama, kisha, taratibu, akaweka wa kwake.

Tante, unajua nilikuwa namfikiria nani.

Papa Cirhuza alinisimulia mara moja tu, nilipomaliza shule ya msingi, na hakurudia. Alisema siku niliyozaliwa pale Kamituga, yeye akiwa bado anafanya kazi mgodini, mama aliumwa siku mbili. Ulikuwa masœur kijana, ndiyo kwanza umevaa kilemba. Nilipotoka nilikuwa na rangi ya majivu, silii. Ulichukua maji ya beseni lililokuwa karibu, ukanimwagia kichwani kunibatiza, na kwa kuwa hukuwa na nafasi ya kutafuta jina, ukanipa lako. Hukufikiria ubikira siku ile, wala ndoa. Ulifikiria pumzi. Ndipo nikalia, na mama akanisikia, na baada ya hapo akaenda kwa Mungu. Miaka miwili ulininyonyesha chupa, umenifunga mgongoni unapozunguka kati ya vitanda, hadi wakubwa wako waliposema inatosha na bibi akanichukua.

Kwa hiyo ukiniandikia kwamba Agnès hakuwa na mume, nakubali. Lakini Agnès niliyemjua mimi kwanza alikuwa na mtoto mgongoni.

Sasa nakwambia lile ambalo hata Barthélemy halijui, maana akilijua hatalala. Naogopa. Mchana naimba, napika, najipenda kwenye kioo kidogo chake cha kunyolea. Lakini nikihesabu miezi nafika mwezi wa tisa na moyo unasimama, kwa sababu mwanamke wa mwisho kuzaa katika nyumba yetu alikuwa mama yangu. Hapa Bukavu hospitali zipo, wauguzi wapo, wote ni watu wazuri. Mimi nataka mikono yako. Nataka niwe na kelele za Félicité na wewe uwe karibu, unikaripie kama unavyowakaripia wengine.

Barabara itakauka mwezi wa saba. Papa Constantin amesema atakuwekea nafasi ya mbele, na mto wa mgongo. Omba ruhusa kwa Masœur Adèle, mkubwa wako. Mwambie ni mgonjwa wa familia. Si uongo, naumwa kwa kukukosa. Kitanda kipo, Barthélemy amekipigilia misumari mwenyewe, na ukutani ametundika msalaba uliotolewa kwa amri darasani kwake mwezi wa kumi na mbili. Aliuleta nyumbani chini ya koti, kama mtu aliyeokota mtoto.

Ndani ya barua hii nakurudishia picha yako. Usidhani naikataa. Nimekaa nayo miezi sita, nimeibusu hadi mwana-kondoo amefifia. Nyuma yake bado peupe, sikuandika kitu, nilihisi mahali pale si pangu. Kama huwezi kuja, andika hapo neno moja, lolote, na unirudishie. Kama unaweza kuja, usiandike kitu. Uje nayo tu mkononi, peupe vilevile, nami nitaisoma yote.

Nisalimie Masœur Adèle na mamasœur wote. Nisalimie Maman Rosalie wa jikoni, mwambie ile namna yake ya kupika majani ya sombe imenipa sifa nisizostahili kwa mama mkwe. Papa Cirhuza anakusalimu, amesema nikuandikie kwamba yeye hana la kusema ila anakumbuka beseni. Maman Apolline anakusalimu na kukuuliza kama kitabu chenu huko kinasema tarehe sita au saba. Barthélemy anakuinamia kwa heshima. Ameandika mstari wake wa salamu mara tatu na kuuchana mara tatu, mkono wake ni uleule wa siku zote.

Mungu aliyewatia nguvu wale wamama gerezani akutie nguvu mgongoni na njiani. Akulinde kwenye kila kitanda unachokiinamia, na kila mtoto anayetokea mikononi mwako alie kwa sauti.

Mimi mtoto wako, niliyepata pumzi na jina katika beseni moja, nakupenda na nakungoja,

Agnès M'Cirhuza